Barua ya Wazi: Turnbull Hakuanzia Dar es Salaam, Wala Hakuishia Dar es Salaam

Kwa:
Mhifadhi Mkuu,
Jumba la Kumbukumbu la mji wetu.

Ndugu Mhifadhi,

YAH: BANGO LA GAVANA WA MWISHO WA TANGANYIKA, CHUMBA CHA PILI, UKUTA WA DIRISHANI

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Hii ni barua yangu ya nne. Ya kwanza niliileta masjala kwa mkono wangu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yake ninayo. Ya pili niliituma kwa rejista. Ya tatu nilikaa nayo kwenye benchi nje ya ofisi yako tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, mpaka katibu muhtasi wako, binti mwenye adabu sana, akaja kuniambia: "Mzee, faili lako linafanyiwa kazi." Ni miezi kumi na minne sasa linafanyiwa kazi. Ndiyo maana leo nakuandikia mbele za watu. Uniwie radhi kwa hilo, lakini hodi nilibisha.

Kwa wasiolijua bango lenyewe: limetundikwa chini ya taa ya tyubu inayowaka na kuzimika. Pana picha kubwa ya Sir Richard Turnbull akiwa amevaa nguo nyeupe za ugavana, upanga kiunoni, na kofia ngumu yenye manyoya yanayoning'inia. Manyoya yale huwafurahisha watoto. Mmoja aliniuliza kama pale juu wamefunga kuku mzima. Chini ya picha pana sentensi tatu: "Sir Richard Turnbull, Gavana wa Tanganyika 1958–1961. Rafiki wa Mwalimu Nyerere. Alitupatia uhuru bila damu kumwagika."

Mwaka juzi nilifuatana na darasa la mjukuu wangu kuja hapo kwako. Alisoma bango, akasimama kidogo, akaniuliza: "Babu, kwa hiyo bila huyu mzungu tungekuwa bado tunatawaliwa?" Nimefundisha Historia miaka thelathini na moja, Ndugu Mhifadhi, na siku ile nilibabaika. Jibu fupi lilikuwa ukutani kwa herufi kubwa. Langu lilikuwa refu, na mwalimu wa zamu alikwisha kupuliza filimbi waende kwenye basi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Bango linaanza mwaka 1958. Mtu huyu hakuanza mwaka 1958.

Turnbull aliingia utumishi wa makoloni mwaka 1931, Kenya, kijana wa miaka ishirini na kitu, akiwa Bwana Shauri wa wilaya. Akapanda ngazi hadi kuwa mkuu wa jimbo lote la mpaka wa kaskazini, kule kwenye nyika za ngamia. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari kwa ajili ya Mau Mau. Haukupita muda Turnbull akawa Nairobi, waziri wa usalama wa ndani na ulinzi, na kuanzia 1955 akawa Katibu Mkuu wa serikali ya koloni. Hicho ni kati ya vyeo vya juu kabisa chini ya gavana mwenyewe.

Sina haja ya kukueleza serikali ile ilifanya nini. Makumi ya maelfu ya watu waliwekwa kambini bila kufikishwa mahakamani. Zaidi ya elfu moja walinyongwa. Juni 1957 mwanasheria mkuu wa serikali hiyo, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Baring kuhusu namna ya kuhalalisha vipigo vya makambini, akasema kama ni kutenda dhambi basi tutende kimya kimya. Katibu Mkuu siku hizo alikuwa huyuhuyu wa kofia ya manyoya. Sisemi barua ile aliiandika yeye. Nasema mkubwa wa ngazi ile serikalini hahesabiwi kuwa mpita njia.

Mauaji ya kambi ya Hola, Kenya, simbebeshi yeye. Wafungwa kumi na mmoja walipigwa hadi kufa pale tarehe 3 Machi 1959, na wakati huo yeye alikwisha kuhamia kwetu. Haki ni haki, hata kwa gavana. Lakini haki hiyohiyo ndiyo inayotaka Kenya iandikwe. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilisimama bungeni kwao, ikakiri kuwa Wakenya waliteswa, ikakubali malipo ya pauni milioni 19.9 kwa madai ya watu 5,228. Iwapo London wamekiri, sisi wa chumba cha pili, ukuta wa dirishani, tunamfichia nani?

2. Neno "alitupatia".

Hili ndilo linaloninyima usingizi. Januari 1959 magavana wa Afrika Mashariki walikutana na Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, huko Chequers, nyumba ya mapumziko ya waziri mkuu wa Uingereza. Turnbull alikuwepo. Mwaka uliotajwa kwenye kikao kile kuwa ndio wa uhuru wa Tanganyika ulikuwa 1970. Sisi tulipandisha bendera tarehe 9 Desemba 1961. Kati ya miaka hiyo miwili kuna miaka tisa, na bango lako limempa mtu mmoja yote tisa. Mimi natafuta humo fungu la mama yangu.

Mama alikuwa mtu wa Geita. Tangu 1954 serikali ilikataa TANU isifanye kazi huku kwetu Usukumani, maana watu walikwisha kuchoshwa na amri: lima matuta hivi, punguza ng'ombe hivi, usipofanya utatozwa faini. Kisha wakaletewa baraza la wilaya la mchanganyiko, Mwafrika, Mhindi na Mzungu, katika wilaya ambayo Wazungu wake ungeweza kuwaketisha kwenye meza moja ya chakula. Mwaka 1958 watu walikataa. Wakatoka Geita kwenda Mwanza kumwona mkubwa wa jimbo, wengine kwa miguu, wakavuka ghuba, wakakaa pale mjini siku kadhaa mpaka polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Mama alikuwemo, na mgongoni alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na ushee. Mtoto huyo ndiye mimi. Sikumbuki kitu. Nilichonacho ni alivyokuwa akisimulia kila akimenya vitunguu: kwamba alinifunika uso kwa ncha ya kanga, akailowesha kwa maji ya kibuyu, akakimbia kufuata ukuta bila kuona mbele. Alikuwa akicheka anaposimulia. Mwishowe baraza lile likafa, na TANU ikaruhusiwa. Kadi yake ya chama ninayo kwenye kopo la biskuti.

Mwezi ule Turnbull anashuka Dar es Salaam, Julai 1958, Mwalimu Nyerere alikuwa kizimbani kwa kuwakashifu maofisa wawili wa wilaya katika gazeti la chama. Agosti akahukumiwa faini ya shilingi elfu tatu au miezi sita jela, akalipa. Mapema mwaka huohuo, Tabora, TANU ilikwisha kufanya kile tunachokiita uamuzi wa busara: kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu ingawa ulikuwa na kasoro zote. Kasoro gani? Kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake iliharibika. Na ili uandikishwe ulitakiwa uwe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Mama hakuwa na hata kimoja. Uchaguzi wa Septemba 1958 na ule wa Februari 1959 ukapita bila kura yake, na bado TANU na wale iliowaunga mkono wakashinda.

Sasa nimpe gavana haki yake, maana sitaki uniambie nina chuki. Mtangulizi wake, Edward Twining, aliyekaa hapa tangu 1949, alikibariki chama cha United Tanganyika Party mwaka 1956 ili kiwe kizuizi cha TANU, na hadi anaondoka hakuamini kwamba Waafrika wangeachiwa nchi. Turnbull alifika, akatazama, na Oktoba 1958 akasimama mbele ya Baraza la Kutunga Sheria akatamka kwamba serikali ijayo itakuwa ya Waafrika kwa sehemu kubwa. Twining asingeyatamka maneno hayo hata kwa kulipwa. Turnbull alikuwa mtu mwenye akili na mwenye kuona, na kiongozi asiyeona tungemlipia kwa maiti.

Lakini aliona nini? Aliona askari polisi wachache katika nchi pana. Alitoka Kenya, alijua gharama ya vita vya msituni kwa pauni na kwa watu. Aliwaonya wakubwa wake London kwamba fujo zikizuka Tanganyika zitakuwa Mau Mau na Maji Maji kwa pamoja. Baada ya uchaguzi wa Februari 1959 TANU ikawa inasubiri jibu, na minong'ono ya mgomo wa nchi nzima ilikuwa kila kijiwe. Julai 1959 tukapata mawaziri watano wa kuchaguliwa. Tarehe 30 Agosti 1960 TANU ikachukua viti 70 kati ya 71. Hapo 1970 ya Chequers ilikwisha kuzikwa, na waliochimba kaburi ni watu kama yule mama aliyekuwa akikimbia na kanga mbichi. Turnbull alikuwa na busara ya kutosimama mbele ya jeneza. Hiyo ndiyo sifa yake, na ni sifa kubwa. Iandikeni hivyo.

3. "Bila damu kumwagika".

Kwetu, ni kweli. Ila anayesoma bango anaelewa kwamba huyu bwana alikuwa na tabia ya kutoa uhuru bila damu, kama vile mpishi fulani anavyosifika kwa pilau isiyoshikana. Baada ya kuwa Gavana Jenerali wetu hadi 1962, na kuongoza bodi ya ardhi Kenya 1963 na 1964, mwanzoni mwa 1965 alipelekwa Aden, bandari ya kusini mwa Uarabuni iliyokuwa chini ya Waingereza, kuwa Kamishna Mkuu.

Nilikua jirani na mzee mmoja Mshihiri aliyekuwa akiuza kahawa na halua karibu na stendi ya zamani. Ndugu yake mkubwa alifanya kazi bandarini Aden. Nilipokuwa mwalimu kijana, niliyemeza vitabu, nilimweleza kwa fahari jinsi gavana wetu wa mwisho alivyokuwa mwungwana. Alinimiminia kahawa, akanisogezea kikombe, akasema: "Huyo rafiki yenu. Watu wa Crater, mtaa wa Aden, hawamwiti hivyo." Sikumwelewa hadi nilipokwenda kusoma mwenyewe.

Septemba 1965 Turnbull aliiondoa serikali ya Abdul Qawi Makkawi, akasimamisha katiba ya Aden, akaitawala kwa amri. Watu walifungwa bila kushtakiwa, wengi katika gereza la Al Mansoura. Mwaka 1966 Amnesty International ilitangaza hadharani tuhuma za mateso, na London ikalazimika kumtuma Roderic Bowen kuchunguza. Februari mwaka huo Waingereza walitangaza kwamba kambi yao ya kijeshi pale wataiacha, hivyo walioshirikiana nao wakaachwa uchi, na mabomu yakazidi mitaani. Mei 1967 Turnbull aliondolewa, akaletwa Humphrey Trevelyan kumalizia. Tarehe 30 Novemba 1967 palikuwa hapana Mwingereza tena. Wala hapakuwa na mwana wa mfalme wa kukabidhi hati uwanjani kama tulivyofanyiwa sisi.

Gavana ni yuleyule, kichwa kilekile. Nairobi kulikuwa na walowezi wenye mashamba, Aden kulikuwa na bandari na kambi ya jeshi. Hapa kwetu hapakuwa na cha kung'ang'ania kiasi kile, palikuwa na macho ya Umoja wa Mataifa uliokuwa mdhamini wetu, na palikuwa na chama kilichojipanga hadi kijijini. Mtoto akipewa vituo vyote vitatu atajua mwenyewe damu ilizuiwa na nini. Akipewa kimoja, atamshukuru mwenye manyoya.

4. Majalada.

Tarehe 1 Mei 1961 tulipata madaraka ya ndani. Siku mbili baadaye, tarehe 3 Mei, Waziri wa Makoloni Iain Macleod alituma maelekezo kwa makoloni: nyaraka zinazoweza kuiaibisha serikali ya Malkia, au polisi wake, au kuwafichua watoa habari wake, wasiachiwe mawaziri wapya. Turnbull alikuwa bado Ikulu. Majalada kutoka Tanganyika yalikuwemo kati ya yale yaliyofichwa kwenye ghala la serikali la Hanslope Park, Uingereza, hadi kesi ya wazee wa Kenya waliodai fidia ya mateso ilipoyafumua mwaka 2011. Sasa yanasomwa huko Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza. Jumba letu halina hata kurasa moja yake, hata kivuli.

Najua nitakayoambiwa, maana baadhi nimekwisha kuyasikia pale mlangoni.

Nitaambiwa nafasi ni ndogo. Bango lina upana wa mlango, na zaidi ya nusu yake ni kofia.

Nitaambiwa Kenya na Aden si historia yetu. Mbona basi mmeweka pale mlangoni ramani ya Vasco da Gama kutoka Lisbon? Mtu tukimwazima, tumwazime na safari zake.

Nitaambiwa Mwalimu mwenyewe alielewana naye. Ni kweli, walielewana, na sentensi hiyo ya "rafiki" siombi ifutwe. Mwalimu alielewana na watu wengi aliokuwa akiwanyang'anya kitu. Hiyo ilikuwa kazi yake na aliifanya kwa tabasamu.

Nitaambiwa, na hili nilinong'onezwa, kwamba mabango yalichapwa kwa msaada wa wafadhili na hatupendi kuwaudhi. Hapa sina la kusema ila kwamba mama yangu hakuwauliza wafadhili.

Na wapo vijana walioniambia nidai picha ing'olewe kabisa. Nao nimewakatalia. Ukimng'oa Turnbull unabaki na ukuta mtupu, na ukuta mtupu haumfundishi mtu. Tena kwa mchezo wa kalenda alizaliwa tarehe 7 Julai 1909, siku ya Sabasaba, miaka arobaini na mitano kamili kabla ya TANU kuzaliwa. Watoto watalipenda hilo. Liwekeni.

Ninachoomba, kwa heshima:

Kwanza, sentensi ya tatu ya bango ibadilishwe. Pili, Kenya na Aden ziandikwe, kwa ufupi tu. Tatu, pembeni yake pawekwe habari za Geita 1958. Kadi ya mama nitaiazimisha, kwa hati ya makabidhiano, kioo kiwe na kufuli. Nne, ofisi yako iandike kuomba nakala za majalada ya Tanganyika yaliyoko Kew, na barua hiyo ya maombi mtuonyeshe. Tano, nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku thelathini, hata kama jibu ni hapana.

Ili faili lisiendelee kufanyiwa kazi kwa kukosa maneno, nimeyaandika mwenyewe:

"Sir Richard Turnbull (1909–1998). Alitumikia Kenya tangu 1931, na wakati wa Mau Mau alikuwa Katibu Mkuu wa serikali iliyofunga makumi ya maelfu bila kesi. Gavana wa Tanganyika kuanzia Julai 1958. Waingereza walikuwa wakifikiria uhuru wetu uwe 1970. TANU na wananchi waliuleta 1961, naye hakuuzuia. Alielewana na Mwalimu Nyerere. Kutoka 1965 hadi 1967 alitawala Aden, alikosimamisha katiba, akaondolewa kabla Waingereza hawajatoka."

Gharama ya kuchapa nimeuliza kwa kijana mmoja wa mabango hapa mjini. Akaniambia kwa ukubwa uleule anaweza kuimaliza kwa siku mbili. Nitalipa mimi, kwenye pensheni. Kofia na manyoya yake viacheni vilivyo, na mkipata nafasi, ile tyubu pia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa Historia
(Jina na anwani vipo masjala kwako, mara tatu.)

Nakala: Diwani wa kata, Ofisa Elimu, mjukuu wangu, darasa la sita.